Kulea begonia tausi Dodoma: kivuli, maji ya mvua na kontena lenye mfuniko

Mtu wa Dodoma akisikia Begonia pavonina, ile begonia tausi yenye majani yanayong'aa bluu, ni mmea wa msitu wa Malaysia, kitu cha kwanza anachoogopa ni joto. Anafikiria jua la saa nane mchana mwezi wa Oktoba, anaghairi kabla hata hajanunua chungu. Hofu hiyo imeangukia pasipostahili. Begonia hii si ya pwani. Kwao ni Cameron Highlands, jimbo la Pahang, msitu wa milimani unaopita mita 1,000, kwenye ukungu na usiku wa baridi. Dodoma nayo iko juu, karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai unashuka hadi nyuzi joto 13 au 14. Kwa upande wa joto tu, mkazi wa Area D ana nafasi nzuri kuliko mtu wa Dar es Salaam au Tanga anayelala na feni mwaka mzima.

Kinachoua mmea huu hapa kwetu ni hewa kavu na maji ya bomba. Ukivimudu hivyo viwili, kazi inayobaki ni kuuzuia mkono wako usiusogeze mmea dirishani kila unapouonea huruma.

Bluu inatoka wapi

Jani la begonia hii limekaa upande, nusu moja pana kuliko nyingine, ilivyo kwa begonia karibu zote. Likiwa sebuleni na taa imewaka ni kijani kilichoiva tu. Mgeni anaweza kupita asiligeukie. Zima taa. Washa tochi ya simu, ishike karibu kabisa na jicho, elekeza kwenye jani ukiwa umbali wa mita moja. Jani lote linawaka bluu ya chuma, mishipa ikibaki na weusi wake. Sasa jicho libaki palepale, ila mkono wenye tochi uusogeze pembeni sentimita 30: bluu inazimika, kijani kinarudi. Picha nyingi zile za kuvutia mtandaoni zinapigwa hivi, kwa mwanga unaotoka upande wa kamera.

Ndani ya jani hakuna rangi ya bluu. Lisage uone, linatoka maji ya kijani kama ya mchicha wowote. Kwenye seli za ngozi ya juu ya jani kuna kloroplasti (chembe za kijani zinazonasa mwanga) za aina yake ziitwazo iridoplasti, na tabaka za ndani zimepangwa kwa nafasi zinazolingana. Mwanga unapogonga tabaka hizo, mawimbi ya bluu yanarudi yakiwa yameimarishana, kama inavyotokea kwa mafuta ya gari juu ya dimbwi la maji. Mwaka 2016 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walionyesha katika jarida la Nature Plants kwamba mpangilio huo una faida kwa mmea: unausaidia kunasa vizuri zaidi mwanga wa kijani na mwekundu, ambao ndio mabaki yanayofika chini baada ya miti mikubwa kuchukua chake. Kwenye mwanga hafifu, usanisinuru unaongezeka ufanisi kwa asilimia 5 hadi 10. Chini ya msitu mzito, hiyo si faida ndogo.

Kwa mlezi, maana yake ni moja. Bluu ni rangi ya mmea unaoishi kivulini. Ukiuweka kwenye mwanga mwingi ukidhani unaulisha, majani mapya yanatoka na kijani cha kawaida, mara nyingine chenye wekundu wa shaba, na kile ulichokilipia kinapotea ingawa mmea wenyewe ni mzima.

Hapa kuna la kuangalia wakati wa kununua. Begonia rex na ile mimea ya mistari ya fedha inayotambaa kwenye vyungu vya kuning'inia haina uhusiano na jambo hili. Fedha ile inatokana na nafasi za hewa chini ya ngozi ya jani, na inaonekana kwa pembe yoyote, mchana kweupe. Ukitaka kuthibitisha, tumia jaribio la tochi. Kuna pia selaginela, mmea wa jamii ya kale isiyo na maua, ambayo bluu yake imo kwenye tabaka nyembamba za uso wa jani. David Lee na J. B. Lowry waliieleza mwaka 1975. Jani lake likilowa, bluu inapotea mpaka likauke. Ya begonia iko ndani ya seli, kwa hiyo matone ya kontena hayaigusi. Ukiona mtu anauza mbegu za "begonia ya bluu" na picha ya mmea uliosimama juani ukiwa bluu pande zote, okoa hela yako.

Mwanga kidogo, ila wa kila siku

Lengo ni lux (kipimo cha mwanga) 500 hadi 1,200 usawa wa jani, saa 12 kwa siku. Programu ya kupima lux kwenye simu inatosha. Laza simu kioo kikiangalia juu, pale pale jani lilipo, kwa sababu kihisio kiko karibu na kamera ya mbele. Kipimo cha simu hakiko sahihi sana, lakini kinakutofautishia 300 na 3,000, na hapo ndipo makosa yanapofanyika. Chini ya lux 200 vikonyo vinarefuka, majani yanakuwa madogo na mmea unashindwa kutumia maji uliyoupa, udongo unabaki umelowa, mizizi inaoza. Juu ya 3,000 bluu inaondoka. Jua la moja kwa moja kupitia kioo linababua jani kwa mchana mmoja.

Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua la mchana linapita upande wa kaskazini wa nyumba kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha linahamia upande wa kusini mpaka mwanzoni mwa Machi. Kwa hiyo dirisha la kusini ni zuri kwa sehemu kubwa ya kiangazi: mwanga upo, miale haiingii. Mmea ukae mita moja na nusu au mbili kutoka dirishani. Ikifika Oktoba usisahau kuvuta pazia au kulihamisha kontena, maana asubuhi na jioni miale itaanza kupenya chini ya ukingo wa bati. Dirisha la magharibi liache kabisa.

Njia yenye uhakika zaidi ni taa. Balbu ya LED ya wati 9, nyeupe, ining'inie nje ya kontena, sentimita 30 hadi 40 juu ya majani, na soketi yenye saa ya kuiwasha saa 12 asubuhi na kuizima saa 12 jioni. Usiiweke ndani ya kontena. Joto lake ni dogo, lakini kwenye hewa iliyofungwa linajikusanya. Umeme ukikatika siku mbili tatu hakuna madhara. Mmea huu umezoea giza kuliko wewe.

Kontena

Kiangazi cha Dodoma ni kirefu, kuanzia Mei mpaka Novemba, na mchana wa Septemba na Oktoba kipimo cha unyevu kinaweza kusoma asilimia 30 au chini ya hapo, huku upepo wa mashariki ukisukuma vumbi. Begonia tausi inataka asilimia 75 hadi 85. Hakuna hila ya kuijaza sebule nzima unyevu huo. Kunyunyizia majani kwa chupa ya dawa ya nywele, ushauri unaorudiwa kila kona, hakuna faida: unyevu unapanda kwa dakika chache, unashuka, na kama maji ni ya bomba yanaacha madoadoa meupe yanayofunika bluu yenyewe.

Fanya hivi. Chukua kontena la plastiki angavu lenye mfuniko, lita 30 hadi 50, lile la kuhifadhia nguo. Likiwa la plastiki yenye ukungu isiyoonyesha vizuri, tafuta lingine, kwa kuwa unataka kuona ndani bila kufungua kila saa. Tandaza kokoto ndogo zilizooshwa, kina cha sentimita 2, umimine maji ya mvua yafike nusu ya kina hicho. Chungu kikae juu ya kokoto, kisiguse maji. Weka ndani kipimo kidogo cha joto na unyevu, vile vya kidijiti vyenye kioo kidogo. Toboa matundu mawili ya milimita 5 kwenye mfuniko, pande zinazotazamana, na uyafunge kwa selotepu, utayafungua ukihitaji.

Kusoma kontena ni rahisi kuliko kusoma kipimo. Asubuhi, ukuta mmoja ukiwa na ukungu mwepesi wa matone unaotoweka kabla ya mchana, mambo yako sawa. Kuta zote zikichuruzika kutwa nzima, kuna maji mengi mno: fungua tundu moja, au acha mfuniko wazi kidogo kwa saa moja. Zikiwa kavu kabisa asubuhi, kokoto zimekauka. Hata mambo yakiwa mazuri, fungua mfuniko mara mbili kwa wiki, dakika 10, hewa ibadilike. Kontena lisilofunguliwa kabisa hufuga ukungu wa kijivu.

Joto la ndani libaki kati ya nyuzi 18 na 26. Likipita 30 kwa siku kadhaa, majani yanalegea, kisha yanaoza kuanzia kwenye kikonyo. Chumba chenye bati bila dari ni tanuri kuanzia saa sita, kwa hiyo chagua chumba chenye dari, na weka kontena chini sakafuni, si juu ya kabati. Sakafu ya saruji ni baridi kuliko hewa ya usawa wa kichwa, na tofauti hiyo inahisiwa hata na mguu mtupu. Siku za Oktoba na Novemba zikizidi, ukavu wa hewa unageuka msaada: funga kitambaa cha pamba kilicholowa kuzunguka nusu ya chini ya kontena, ncha yake iingie kwenye beseni la maji. Maji yakikauka kwenye kitambaa yanachukua joto, na ndani kunashuka nyuzi kadhaa. Hapo maji ya bomba yanatosha, maana hayaingii ndani. Ujanja huu Dar haufanyi kazi. Hewa yao imeshajaa.

Juni na Julai shida ni ya upande mwingine. Ndani ya nyumba nyingi usiku hakushuki chini ya nyuzi 16, mmea unavumilia, lakini unasinzia. Punguza maji nusu mpaka katikati ya Agosti, na usiweke mbolea mpaka Septemba.

Maji

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, na wanaharibikiwa polepole kiasi cha kutojua sababu. Dodoma inategemea sana visima vya Makutupora, na maji ya chini ya ardhi ya eneo hili yana madini mengi. Angalia birika lako: ule ukoko mweupe ulioganda chini ndio unaojengeka kwenye udongo wa chungu. Kwenye bustani ya nje mvua inauosha. Ndani ya chungu cha sentimita 8 kilichofungiwa, kila kikombe unachomwaga kinaacha chumvi yake, maji yanaondoka, chumvi inabaki. Baada ya miezi mitatu au minne ncha za majani zinakuwa kahawia, mizizi midogo inaungua, na jani jipya linatoka la njano lenye mishipa ya kijani, kwa sababu chokaa imepandisha pH (kipimo cha uchachu) ya udongo na mmea hauwezi tena kunyonya chuma.

Kuchemsha hakusaidii vya kutosha. Kunaangusha sehemu ya chokaa, lakini chumvi nyingine inabaki na maji yanapungua, kwa hiyo inakolea. Dawa ya kutibu maji inaua vijidudu, haigusi madini.

Suluhisho ni mvua. Inanyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, na hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita 1. Kipande cha bati cha mita 10 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 200. Toa kinachoruka na kinachovuja, baki na 150. Mvua mbili za kwanza za msimu ziache ziende, zinabeba vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege. Kuanzia ya tatu, acha dakika 10 za mwanzo zipite, kisha kinga, chuja kwa kitambaa cheupe, jaza madumu, funga vifuniko, weka gizani maji yasiote kijani. Kontena moja lililofungwa linakunywa chini ya lita moja kwa mwezi. Dumu moja la lita 20 linavuka kiangazi chote na kubakiza ya kuoshea udongo.

Aliyekosa mvua ana njia tatu. Maji ya chupa: soma lebo, tafuta TDS, yaani kipimo cha madini na chumvi zilizoyeyuka ndani ya maji, iliyo chini ya 100, kwa kuwa chapa zinatofautiana sana. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi: hayana madini, lakini yamepita kwenye vumbi, kwa hiyo yachuje na uyaache yatulie usiku mzima. Ya tatu ni maji ya betri, na hapa uwe makini kweli. Maduka ya vipuri yanauza vitu viwili chini ya jina hilo hilo: maji yaliyokenekwa, na asidi ya salfuriki ya kujazia betri mpya. Ya pili itaua mmea na kukuunguza wewe. Soma chupa; kama haina lebo, iache dukani.

Kalamu ya kupima TDS ndiyo kifaa cha kwanza cha kununua, kabla hata ya balbu. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yanasoma chini ya 50. Yakisoma zaidi ya 300, hayafai.

Kiasi: chungu cha sentimita 8 kinachukua mililita 30 hadi 50, kila baada ya siku 10 hadi 14, yakipitishwa ukingoni na si katikati ya shina. Usifuate kalenda kipofu. Nyanyua chungu, kikiwa chepesi na sentimita moja ya juu imebadilika rangi, mwagilia. Kikiwa kizito, kiache.

Udongo, chungu, mbolea

Udongo mwekundu wa Dodoma usiuguse, na samadi pia. Mizizi ya begonia ni myembamba, inakaa juu juu, na inataka hewa kuliko chakula. Mchanganyiko unaopatikana hapa bila kuagiza nje: sehemu mbili za vumbi la makumbi ya nazi, sehemu moja ya mkaa uliopondwa na kuchekechwa ubaki wa milimita 3 hadi 5, sehemu moja ya mboji ya majani iliyooza vizuri na kuchekechwa. Ukipata mawe mepesi ya volkano kutoka Mbeya, yapasue uyaweke badala ya nusu ya mkaa.

Vumbi la nazi linauzwa kwenye maduka ya pembejeo kama tofali lililoshindiliwa. La gramu 650 likilowa linafika lita 8 hivi. Lina chumvi yake tangu pwani, kwa hiyo lioshe. Kwa kila lita 2 za vumbi lililolowa weka lita 6 za maji, koroga, acha saa moja, kamua kwa kitambaa. Rudia mara tatu. Ya kwanza inaweza kuwa maji ya bomba, mbili za mwisho ziwe za mvua. Pima maji ya mwisho yaliyokamuliwa. Yakiwa chini ya 200 umemaliza. Mboji ichemshwe kwa mvuke dakika 30 kwenye sufuria iliyofunikwa, usipofanya hivyo utaleta mayai ya vile vinzi vidogo vyeusi ambavyo funza wake hula mizizi, na kwenye kontena lililofungwa vinazaana bila adui.

Chungu kiwe kidogo. Kikopo cha mtindi, matundu matano kwa msumari wa moto, kinashinda chungu kizuri cha udongo cha dukani, ambacho ni kikubwa mno na kinahifadhi chumvi kwenye kuta zake. Shina la begonia hii linatambaa juu ya udongo, likifukiwa linaoza. Liguse udongo tu, mgongo wake uonekane.

Mbolea ni NPK 20-20-20 ya kuyeyuka, gramu 1 kwa lita 4 za maji ya mvua, mara moja kila wiki sita, Septemba hadi Mei. Zaidi ya hapo ni kuongeza chumvi uliyohangaika kuikwepa. Urea na DAP ni za shambani.

Yanayoharibika

Kingo za kahawia zina sababu mbili na zinatofautishika. Ikiwa ni majani ya upande mmoja tu, ule ulio karibu na tundu au mfuniko, ni ukavu. Ikiwa ni majani yote, hasa ya zamani, na kuna unga mweupe juu ya udongo, ni chumvi: hamisha kwenye udongo mpya, usijaribu kuisafisha kwa kumwagilia zaidi.

Majani yote kuanguka ndani ya wiki moja baada ya mmea kufika kwako hakumaanishi umekufa. Begonia hufanya hivyo ikibadilishiwa hewa. Kandamiza shina taratibu kwa kidole: likiwa gumu, liache ndani ya kontena, udongo uwe na unyevu kidogo tu, subiri wiki nne hadi sita. Likiwa laini na lina harufu, kata mpaka ufike sehemu ngumu, paka mkaa wa unga kwenye kidonda, panda upya.

Ukungu wa kijivu wenye manyoya huanza kwenye jani lililokufa. Ondoa jani, fungua matundu yote mawili kwa siku tatu, acha uso wa udongo ukauke. Unga mweupe juu ya jani zima ni ubwiri unga, ugonjwa unaofanana na ule wanaoufahamu wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi. Jirani mkulima atakupa salfa ya mizabibu kwa moyo mweupe. Mshukuru, usiipake. Ndani ya kontena lenye joto salfa inaunguza jani laini kama hili. Kata majani yenye unga, ongeza hewa, na tenga mmea huo na mingine.

Vidung'ata, wale wadudu weupe wa pamba kwenye maungio ya vikonyo, wafute kwa pamba yenye spiriti kidogo, mmoja mmoja, rudia baada ya siku saba mara tatu. Usinyunyize dawa ya nyanya kwenye kontena utakalolifungua ukiwa umeinamisha uso.

Vumbi nalo, hata ndani ya kontena, linafika. Kwa kuwa bluu ni mwanga unaorudi, safu nyembamba ya vumbi inaizima nusu. Lisafishe kwa brashi laini ya rangi za maji, kavu. Mafuta ya kung'arisha majani ni marufuku.

Kuupata, na kuuzalisha

Kwenye vitalu vya maua vya barabarani Dodoma hutaukuta. Ukiagiza nje, unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na cheti cha afya ya mimea cha nchi mmea unakotoka. Kibali kinatangulia, mzigo unafuata. Ukigeuza, mzigo unaweza kuteketezwa mpakani. Muulize muuzaji kama mmea umezalishwa kitaluni, na kama hawezi kujibu, tafuta mwingine, maana Cameron Highlands imeshavunwa na kulimwa vya kutosha.

Ukiutoa Dar es Salaam, treni ya SGR iliyofika Dodoma mwaka 2024 ni bora kuliko basi: saa nne hivi badala ya kutwa, na mzigo unakaa miguuni kwako, si kwenye buti la joto. Funga mizizi kwa tishu iliyolowa na kukamuliwa, weka mmea kwenye chupa ya plastiki iliyokatwa na kuunganishwa tena kwa selotepu, usiweke maji ya kuchezacheza ndani.

Ukishakuwa na mmea mmoja wenye majani sita, huna haja ya kununua tena. Chagua jani la umri wa kati, si la jana wala la uzeeni. Likate na kikonyo cha sentimita 2 kwa wembe uliofutwa spiriti. Lichomeke kwenye vumbi la nazi lililooshwa, bila mboji, kikonyo kikiinama nyuzi 45, uso wa jani usiguse udongo. Funika, nyuzi joto 22 hadi 25, mwanga ule ule wa lux 500. Mizizi inatoka baada ya wiki tatu au nne, na vimche vinachungulia chini ya kikonyo kati ya wiki ya sita na ya kumi. Jani kubwa unaweza kulikata vipande vya pembetatu, ila kila kipande kiwe na mshipa mkubwa, kwa sababu kimche kinaota pale mshipa ulipokatwa. Kipande kisicho na mshipa kitakaa kijani miezi miwili kikudanganye, kisha kioze.

Machi na Aprili ndio wakati mzuri wa kazi hii Dodoma: hewa ina unyevu, madumu yamejaa, na vimche vinapata wiki kadhaa za joto kabla ya Juni. Vitenganishe vikiwa na majani matatu kila kimoja, kila kimoja kwenye kikopo chake, vibaki kontena lile lile mwezi mmoja zaidi kabla ya kumpa mtu. Naye mpe na lita tano za maji ya mvua, au kimche kitarudi kwako na ncha za kahawia kabla ya Septemba.